Shangazi Anajibu: Duara la miti ya miiba nyuma ya nyumba

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni muuguzi, nimepanga nyumba shambani, kaunti ya Clare, Ayalandi. Nyuma yangu kuna tuta la udongo la mviringo lililoota miti ya miiba. Mwenye nyumba, mzee mwenye akili zake timamu, amenikataza kukata hata kijiti cha kuni. Eti pana wenyewe. Ananitania?
Muuguzi, Clare

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakutanii, ila usimbane akuambie kama anaamini. Nilipokuwa nikisoma Galway, mkulima aliyekuwa akiniuzia mayai aliniapia kwamba hizo ni porojo za wazee. Lakini kila msimu trekta lake lililizunguka duara la shambani kwake, na ardhi ile nzuri ikabaki nyasi tupu.

Wanaakiolojia watakuambia hayo ni maboma ya wakulima wa kale, mengi ya kati ya mwaka 500 na 1000. Familia iliishi ndani ya tuta, na usiku ng'ombe waliingizwa humo wasiibwe. Kisiwa kizima cha Ayalandi yapo kama 45,000. Baadhi yana mahandaki ya mawe, na hapo ndipo hadithi zilipopata mlango: chini humo wanaishi "Watu Wema", viumbe wa hadithi wasioonekana, mfano wa majini wetu. Huitwa hivyo kwa kuogopwa. Ukiwakatia mti, ng'ombe anakauka maziwa, mdomo unakupinda, mtoto anabadilishwa kitandani, unaachiwa wa kwao. Kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule walitumwa kuandika visa vya wazee wao, na vya maboma vimejaa tele katika madaftari hayo yaliyotunzwa Dublin.

Huko huko kwenu Clare, mwaka 1999, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alipinga kukatwa kwa mti wa miiba pale Latoon, uliokuwa kwenye njia ya barabara kuu mpya. Alisema Watu Wema wa Munster, jimbo la kusini, hukusanyika hapo wakienda kupigana na wale wa Connacht, jimbo la magharibi. Wahandisi wakauacha mti. Nenda ukautazame, ni kamti tu, huwezi kudhani kalisumbua serikali.

Mimi naona hofu hiyo imeyalinda maboma kuliko sheria, ingawa sheria nayo ipo, na kulivunja boma kunaweza kukufikisha mahakamani. Kwa hiyo kuni kanunue. Na ukitoka zamu ya usiku, ukakatisha kondeni na lango usilione, wenyeji watasema Watu Wema wamekupoteza njia: vua koti ulivae nje ndani. Ndiyo dawa ya wenyeji.