Maswali Yenu: Dakika 5 za Maiki

SWALI: Nimepewa dakika 5 kuzungumza kwa niaba ya ukoo kwenye sendofu ya mtoto wa kaka yangu. Mara ya mwisho niliposhika maiki, ukumbi mzima ulikuwa unapiga soga. Nifanyeje safari hii? – Baba Mdogo, Pasua, Moshi

JIBU: Baba Mdogo, wengi huupoteza ukumbi kwenye salamu. Ukianza na mgeni rasmi, wazee, kamati na majirani, mmoja mmoja kwa jina, dakika 2 zimekwisha na binti hajatajwa. Na ukimruka mmoja, umejitafutia kesi. Sema itifaki imezingatiwa, wakaribishe wakwe watarajiwa, ingia kwenye jambo.

Mambo mawili yanatosha: sifa moja ya binti, pamoja na tukio linaloithibitisha, na neno lako kwa wakwe. Ukiandika, usizidishe maneno 400. Vigelegele navyo vinakula muda. Jipime nyumbani ukisoma kwa sauti, maana kimoyomoyo mtu hukimbia. Usisomee kwenye simu: kioo kinajizima katikati ya sentensi.

Maiki ndiyo inayoangusha hata wasemaji wazuri. Usiipulize wala kuigonga. Ishike kwenye mpini, upana wa vidole vinne kutoka mdomoni. Ukikifunika kichwa chake kwa kiganja, au ukisimama mbele ya spika, itapiga mluzi, kwa sababu sauti ya spika inaingia tena kwenye maiki na kukuzwa upya. Ukimgeukia binti, geuka nayo. Wengi hugeuza shingo tu, na sentensi tamu kuliko zote wanaisikia wa meza ya mbele peke yao.

Ukishasema "kwa hayo machache", keti. Kuongeza "na la mwisho kabisa" huku ndafu iko pale mbele inaonekana ni kujitakia.

SWALI: Mikono inanitetemeka hadi karatasi inapiga kelele. Kuna dawa? – Mwanachuo, Njiro, Arusha

JIBU: Karatasi nyepesi hukuza kila mtetemo. Andika kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa kiganja, hoja tu, kwa herufi kubwa, na uzipe kadi namba zisije zikachanganyika. Bana viwiko mbavuni. Omba maiki iwekwe kwenye stendi, uirekebishe urefu kabla hujaanza kusema.