Mche wa mkwaju uingie lini kwenye chungu cha bonsai?

SWALI: Shikamoo, fundi. Niko Tanga, ndiyo kwanza naanza kujifunza bonsai. Nimeotesha kokwa za mkwaju, sasa nina miche sita ya miezi minne, urefu kama shibiri moja na nusu. Jirani ananishauri niihamishie kwenye vyungu vya kina kifupi na niipe maji kidogo ili idumae. Je, ndivyo? Na ikae ndani au nje?

JIBU: Marahaba. Usiitie kwenye vyungu hivyo bado, na maji usiinyime kabisa. Mti wenye kiu hauwi bonsai, unakuwa mgonjwa tu. Neno hilo la Kijapani maana yake ni kilichopandwa kwenye chombo cha kina kifupi, na mti wowote wenye shina gumu unaweza kulelewa hivyo. Udogo wake hutokana na kupogolewa, matawi juu na mizizi chini. Kwa afya, unatakiwa uzidi miti mingine yote uani kwako.

Umechagua vizuri. Mkwaju una vijani vidogo, gome lake hupasuka mapema, na ukikatwa hauchelewi kuchipua. (Usiku vijani vyake hujikunja, usidhani una kiu.)

Kinachofanya mti wa nusu mita uonekane mkongwe ni shina: nene chini, likipungua kadiri linavyopanda. Shina hunenepa kwa wingi wa majani na kwa mizizi iliyo huru. Ukiifunga mizizi leo, shina la unene wa penseli litabaki karibu hivyohivyo miaka na miaka. Hapa ndipo wanaoanza wengi hukata tamaa, nami huumia kila nikiona mche mzuri umewahishwa chunguni.

Subiri masika yaanze. Ng'oa mche taratibu, uukate mzizi mkuu ubakize kama sentimita tano, mradi juu ya hapo kuna mizizi myembamba ya pembeni. Mkwaju hupenda kuzamisha mzizi mmoja mrefu, na huo hauna nafasi kwenye chungu cha kina cha vidole vinne. Panda ardhini juu ya kigae bapa, mizizi ukiitandaza pande zote kama miale ya jua. Kigae kitaizuia isizame, nayo itanenepa kwa upana. Kama huna ua, tumia beseni pana lililotobolewa chini. Weka kivuli wiki mbili, kisha jua kamili, na samadi iliyooza vizuri.

Halafu uache ukue, hata ukikupita kimo. Shina likifikia unene wa vidole vitatu pale chini, likate libaki na urefu mara tatu ya unene huo. Litatoa machipukizi mengi. Chagua moja liwe kilele kipya, nalo lilee, kisha ulikate kwa namna hiyohiyo. Kila mkato unalipatia shina mpindo na wembamba wa juu. Ni kazi ya miaka mitano au zaidi, ndiyo maana nakusihi upande yote sita, si mmoja.

Siku ya kuingia chunguni, udongo wa bustani hautafaa, maana hushikamana na kuozesha mizizi. Ponda matofali ya kuchoma, chekecha upate chembe za milimita 3 hadi 6, vumbi lote ulitupe, uchanganye na mboji kidogo. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Kumwagilia hakufuati ratiba: tia kidole, juu pakianza kukauka mwagilia mpaka maji yatoke chini. Wakati wa kaskazi huenda ikawa asubuhi na jioni.

Ikae nje daima. Sebuleni mwanga hautoshi, hata karibu na dirisha.

Kwa kuwa mikono yako inataka kazi sasa, tafuta mtu anayeng'oa ua wa bogonvilia, umwombe kisiki chenye unene wa kifundo cha mkono. Ukipande kwenye mchanga wa mtoni wenye unyevu, kivulini. Kikishika mizizi, jifunzie hapo kupogoa na kuzungushia waya matawi machanga. Ukague waya huo kila wiki na uutoe kabla haujazama kwenye gome; kwa joto la Tanga hauchukui muda mrefu.