Dawn ni asubuhi au alfajiri?

Msomaji kauliza: dawn ya Kiingereza ni asubuhi au alfajiri? Afu kakutana na "it dawned on me", akaitafsiri "iliniamkia asubuhi", akaona haileti maana.

Ndugu yangu, dawn sio asubuhi. Asubuhi jua lishatoka, ila dawn jua bado liko chini na weupe ndo unaanza kuonekana, kwahiyo ni alfajiri, au mapambazuko ukitaka kutaja ule mwanga wenyewe badala ya saa. Likishachomoza hiyo ni sunrise, kwetu macheo, na hapa wengi wanachanganya. Hiyo dawn yenyewe wataalamu wa nyota wanaihesabu hadi hatua tatu, jua likiwa digrii 18 chini ya upeo wa macho, kisha 12, kisha 6.

Kama kitenzi ndo napapenda zaidi. Dawn ina undugu na day, asili yake ni kuwa mchana, na sisi tunacho kitenzi cha kazi hiyohiyo, -cha: kumekucha, kulipokucha, hakujacha. Macheo imetoka humo, usiku kucha pia, yaani usiku mpaka kukacha, na mwenzake mchana kutwa, mpaka jua likatua. Basi ukikuta "day dawned" sema kulikucha au kulipambazuka, hiyo ku- ya mwanzo inatosha, neno siku hulihitaji.

Sasa "it dawned on me". Haihusiani na saa, inaweza kukutokea hata saa sita usiku. Jambo lilikuwa mbele yako muda wote ila hulioni, afu likaanza kukuonekania. Tunasema "ndo nikang'amua", au "ndo ikaniingia akilini". Kwa hiyo "it dawned on me that she was right" ni "ndo nikang'amua kwamba alikuwa sahihi", na tafadhali usiweke asubuhi wala alfajiri humo.

"The dawn of" kitu fulani ni mwanzo wake. Kwenye shairi mapambazuko ya enzi mpya inakaa vizuri sana, kwenye ripoti andika tu mwanzo, ila alfajiri ya ustaarabu mimi siikubali, alfajiri kwetu ni wakati wa siku.

"From dawn to dusk" ni tangu alfajiri hadi magharibi, au kutwa nzima. Na ukikuta imegeuzwa, "from dusk to dawn", usihangaike na neno mojamoja, andika usiku kucha.