Jina Letu Juu ya Safu

Mwanangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unaniuliza iwapo utumie jina letu la ukoo au jina la kubuni katika safu ambayo mhariri wako anataka uiandike kila wiki kuhusu saratani yako, nami, badala ya kukujibu, nimeuteremsha ule mkebe wa biskuti ambao mama yako hachoki kuniambia niutupe.

Ndani yake mna makala za John Diamond, mwandishi wa habari wa Uingereza, nilizokuwa nikizikata katika gazeti la The Times tulipokuwa London. Aligundulika na saratani ya koo mwaka 1997, akakatwa sehemu ya ulimi, na yeye aliyezoea kutangaza redioni akabaki akiitegemea kalamu. Aliandika hadi alipofariki Machi 2001, akiwa na miaka 47. Nilimpenda kwa kuwa aliikataa lugha ya vita, kana kwamba anayekufa ni askari aliyezembea.

Wakati uleule shangazi yako alikuwa kitandani hapa Mombasa, na sisi sote, unakumbuka, tukisema ana vidonda vya tumbo, ilhali ilikuwa saratani ya titi. Jioni moja aliniuliza kwa simu, "Kaka, huko Wazungu ugonjwa huu wanauzungumzaje?" Mkebe ulikuwa kando ya simu. Nikamwambia sauti haifiki vizuri. Ilikuwa ikifika, mwanangu. Nilisikia hata adhana nyuma yake.

Maisha yangu yote nimesema kwamba maradhi ni ya mwenye mwili, na bado nasema. Lakini shangazi yako ya kwake tulimnyang'anya, tukampa mengine yasiyo yake. Kwa hiyo andika, ningesema, na jina uliweke juu kabisa. Halafu najipinga: msomaji wa mbali akishakuonea huruma hufunga gazeti, ila jirani atabisha hodi na chupa ya mizizi, na wakwe zako watataka kujua nani mwingine katika ukoo aliugua. Yule Diamond hakuwa na majirani wetu.

Sitakuamulia, ingawa ulimi unaniwasha. Maradhi ni ya mwenye mwili. Ila ukiamua kulitumia jina letu, nitumie makala ya kwanza kabla haijachapishwa, nimsomee mama yako mimi mwenyewe, asije akayasikia sokoni.

Baba yako