Nyanya na hoho za kwenye ndoo kuwa njano na kuungua ncha: kabla hujapiga dawa nyanyua ndoo

Mkuu uliyeuliza toka Lindi, nimesoma swali lako mara mbili na naona wengi waliokujibu wamekimbilia mbolea na dawa, naomba unisikilize kidogo kabla hujatoa hela. Umesema una ndoo kumi na mbili za nyanya na hoho uani, unamwagilia asubuhi na jioni maji ya kisima, majani ya chini yamekuwa njano, ncha zinaungua kama zimepitishwa kwenye moto, mchana mimea inalegea, ukaongeza urea ndo ikaharibika zaidi. Mimi nipo Mikindani, Mtwara, mwaka wa sita huu nalima kwenye ndoo na viroba, na hayo yote yamenipata, mengine kwa pamoja kama wewe.

Dawa weka pembeni kwanza. Kesho asubuhi kabla hujamwagilia pita ndoo moja moja uzinyanyue, zote, tena uzilinganishe. Ndoo ya lita 20 yenye kiu inakuja mkononi kirahisi, iliyoshiba maji inakuvuta bega, ukifanya hivyo wiki moja mkono unazoea wala huhitaji kipimo. Halafu chomeka kidole mpaka pingili ya pili au chukua kijiti kikavu kizamishe mpaka chini ukiache dakika tano ukitoe uangalie kimelowa wapi. Usiangalie udongo wa juu peke yake, huku kwetu upepo wa kusi ukivuma, mwezi wa sita wa saba hivi, juu panakauka ndani ya masaa mawili na panapasuka kabisa, unasema masikini mmea wangu una kiu, unamwaga kopo lingine, kumbe chini ni tope toka juzi.

Mimi nilivyogundua ni hivi. Nilikuwa na hoho moja nzuri sana ishaanza kuweka maua, ikalegea, nikaimwagilia, ikalegea zaidi, nikaimwagilia tena jioni, siku ya nne nikaamua kuitoa nione. Nikaigeuza ndoo, udongo ukatoka mzima kama keki, nusu ya chini mweusi unanuka kama mtaro. Nikashika mzizi mmoja nikauvuta kwa vidole viwili, ganda la nje likavuka lote kama soksi ukabaki uzi mwembamba katikati. Mzizi mzima hauwi hivyo, unakuwa mweupe au rangi ya krimu na ukiuvuta unakaza. Ile hoho ilikuwa imezama kwenye maji na bado inakufa kwa kiu, maana mizizi nayo inahitaji hewa, udongo ukijaa maji muda wote hewa inaisha, mizizi inaoza, na mzizi uliooza haunyonyi kitu hata uuweke baharini. Ndo maana jani linalegea huku udongo umelowa. Na hiyo njano ya chini unayosema umeipa urea, mmea haukuwa na njaa, ulikuwa hauna mdomo wa kulia.

Kutofautisha siyo ngumu ukishika jani lenyewe. La kiu linakuwa jepesi, jembamba, kingo zinakauka kama karatasi, na ukimwagilia linaamka ndani ya saa moja mbili. La maji mengi ni laini na zito, linaning'inia kuanzia kwenye kikonyo, na jioni jua likipoa haliamki. Kuna la tatu watu wanalisahau, mmea unalegea saa saba mchana kwa joto tu halafu saa kumi na mbili jioni umesimama wenyewe bila kupewa kitu, huo uache, ukiukimbilia na kopo ndo unaanza ule ugonjwa wa maji mengi.

Sasa maji yanakaa chini kwa nini. Angalia matundu. Ndoo nyingi za kununua mtaani mtu katoboa tundu moja katikati ya kitako na kaikalisha ndoo kwenye sakafu, hilo tundu limezibwa tayari. Toboa sita mpaka nane kwa msumari wa moto, mengine ubavuni sentimita mbili toka chini, kisha ikalishe juu ya matofali mawili. Na kama umeweka kokoto chini ili maji yapite, zitoe, najua wengi tumefundishwa hivyo na mimi nilifanya miaka miwili, lakini maji hayashuki toka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka ule udongo wa juu yake ushibe kabisa, kwa hiyo unakuwa umelipandisha tope karibu na mizizi tu. Wale mnaootesha miche ya mikorosho kwenye viriba mnajua, kiriba kina matundu ubavuni na chini na hakuna anayeweka kokoto.

Ncha kuungua ni kesi nyingine na hapa ndo nakuomba uwe makini zaidi, sisi watu wa pwani. Ncha na kingo za majani ya zamani zikiungua kahawia huku katikati bado kijani, fikiria chumvi kabla ya kitu chochote. Visima vingi vya karibu na bahari maji yake yana chumvi, kwenye shamba mvua inakuja kuisafisha, kwenye ndoo kila unapomwagilia maji yanapanda hewani na chumvi inabaki, kesho unaongeza nyingine. Angalia kwenye mdomo wa ndoo na kwenye matundu kama kuna ukoko mweupe kama unga, chungulia na sufuria unayochemshia maji hayo. Mimi chumvi niliileta mwenyewe mara mbili, mara ya kwanza nilichanganya mchanga wa ufukweni ili udongo uwe mwepesi, mara ya pili nilipewa makumbi ya nazi na mama mmoja anayesokota kamba, makumbi mazuri, malaini, yalishalegea, nikayasaga nikachanganya kwenye ndoo tano. Yalikuwa yamefukiwa pwani kwenye tope la bahari miezi kadhaa ili yaoze yatoke nyuzi! Ndani ya wiki mbili ndoo zote tano ncha nyeusi, nikaenda duka la pembejeo na jani mkononi, nikauziwa dawa ya ukungu bila kuulizwa hata namwagilia maji gani, nikapiga mara tatu haikusaidia kitu maana ukungu haukuwepo.

Dawa yake ni maji matamu mengi kwa mara moja. Kwa ndoo ya lita 20 tafuta lita 40 mpaka 60 za mvua au bomba, weka ndoo kivulini juu ya matofali, mimina polepole mpaka yote yapite chini, halafu usiiguse tena mpaka ikunyanyukie nyepesi. Lakini hii ni baada ya kurekebisha matundu, usije ukaosha chumvi ukazamisha mizizi. Na kuanzia hapo acha kumwagilia kidogo kidogo kila siku, mwagilia ikihitaji, na ukimwagilia hakikisha yanatoka kiasi chini ili chumvi itoke nayo. Kama ndoo iliachwa ikakauka sana mpaka udongo umeachana na ukuta wa ndoo, ukimimina maji yanapita pembeni yanatoka chini unadhani umeshibisha, hapo ikalishe kwenye beseni lenye maji nusu saa inyonye kwa chini.

Hiyo urea uliyoongeza nayo ikizidi inaunguza mizizi kama chumvi mkuu, ina naitrojeni asilimia 46, kwenye ndoo haina pa kukimbilia. Sitisha kabisa mpaka uone majani mapya. Ukija kurudi weka kizibo kimoja cha soda, ni kama gramu 5, yeyusha kwenye lita 10 za maji, mwagilia kwenye udongo ambao tayari una unyevu, usinyunyize chembe juu ya udongo mkavu karibu na shina.

Njano zenyewe hazifanani. Jani la chini lote njano sawasawa, hiyo ni njaa ya naitrojeni au mizizi mibovu, kwa hiyo unyanyue ndoo kwanza. Jani la chini njano katikati ya mishipa, limepungukiwa magnesiamu. Jani changa la juu njano lakini mishipa kijani, hapo madini ya chuma hayapandi kwenye mmea, na mara nyingi ni majivu mengi ya jikoni au udongo wa mawe ya matumbawe kama wa huku Mikindani.

Wadudu usiwasahau, geuza jani. Madoa madogo madogo kama limechomwa sindano, ligonge juu ya karatasi nyeupe, vumbi likitembea ni utitiri. Nzi weupe wakiruka na nyanya imedumaa majani yamekunjamana kwenda juu, hiyo ni rasta, ugonjwa wa virusi, ing'oe, haina dawa. Njia pana nyeupe ndani ya jani la nyanya ni kantangaze, kiwavi anayekula jani kwa ndani.

Na nyanya ikinyauka ghafla yote ikiwa bado kijani, usibahatishe. Kata kipande cha shina la chini, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa, subiri dakika chache. Ikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria, toa mmea pamoja na udongo wake na usiurudishe kwenye ndoo yoyote ya nyanya, hoho wala bilinganya.

Majani yaliyokwishaungua hayatarudi kijani, usiyasubiri. Tazama yale yanayochipua juu kwa siku kumi na nne. Toa ndoo moja tu iliyo mbaya kuliko zote, igeuze, piga picha mizizi na mgongo wa jani, weka hapa, na useme kisima chako kipo umbali gani na bahari.