Kontrola kubwa haitaponya breki mbovu za trela

SWALI: Ninavuta trela ya ekseli mbili yenye breki za umeme kwa pikapu ya dizeli. Nikipakia mashine, trela na mzigo wake vinafika kama tani 4 na nusu. Kontrola niliyofungiwa, kile kiboksi cha mbele ya dereva kinachopeleka umeme kwenye breki za trela, ni ya ile aina inayopandisha umeme kwa muda. Trela ikiwa na mzigo inanisukuma kwenye mteremko hata nikiweka nguvu ya kontrola hadi mwisho, na ikiwa tupu matairi yanaganda na kuburuzika. Fundi mmoja ananishauri ninunue kontrola ya ampea nyingi zaidi. Mwingine anasema tuitoe kabisa, waya wa breki za trela tuuunge kwenye waya wa taa za breki za gari. Nimfuate yupi?

JIBU: Usimfuate yeyote kati yao, na huyo wa pili usimwachie hata funguo za gari.

Tuanze na ampea, maana hapo ndipo watu wengi wanapomwaga pesa. Kontrola haifungi breki. Inachofanya ni kuamua umeme kiasi gani uende kwenye sumaku zilizo ndani ya dramu za trela. Sumaku ikipata umeme inanasa kwenye uso wa dramu inayozunguka, inakokotwa nayo, na mkono wake unatanua breki shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani. Sumaku moja ya dramu ya inchi 10 au 12 inakula ampea 3 na kitu kwa volti 12. Wewe una sumaku nne, kwa hiyo hesabu yako ni ampea 12 au zaidi kidogo. Kontrola yoyote ya maana iliyoandikwa kwamba inahudumia ekseli mbili inazitoa hizo. Ukifunga inayoweza kuhudumia ekseli nne, sumaku zako zitachukua zilezile 12, kwa sababu zinavuta kulingana na ukinzani wake, wala hazijui boksi lililo mbele ya dereva limeandikwa nini.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha. Kila mara naletewa pikapu yenye kontrola mpya inayong'aa, ya pili au ya tatu kununuliwa, na nyuma yake trela ambayo dramu zake hazijawahi kufunguliwa tangu ilipochomelewa. Mwenye gari amebadilisha kitu pekee ambacho hakikuwa kibovu. Ukiniambia umeweka nguvu hadi mwisho na trela bado inasukuma, tayari umeniambia pa kutafuta ugonjwa: nyuma ya plagi inayounganisha umeme wa gari na trela.

Chukua mita. Pima volti kwenye nyaya za sumaku zenyewe, gurudumu la mwisho kabisa, huku mwenzako ameushikilia hadi mwisho mkono wa kontrola, ule unaokamata breki za trela peke yake, na injini inanguruma. Nyaya nyingi ninazozikuta ni za taa, milimita 1 ya mraba. Kwa trela yenye mita 10 za waya kwenda na mita 10 kurudi, waya huo unameza karibu volti 3 njiani. Gari linatoa 12, sumaku inaambulia 9, nawe unalaumu kontrola. Weka waya wa milimita 4 za mraba na upotevu unashuka chini ya volti 1. Usisahau njia ya kurudi: waya wa athi lazima utoke kwenye sumaku hadi kwenye plagi na uingie garini ukiwa mzima. Wapo wanaoutegemea mpira wa chuma wa kuungia trela upitishe athi, mahali palipojaa grisi na kutu na panaporukaruka kila shimo. Breki zinazokamata leo na kukataa kesho, mara nyingi chanzo chake ni hapo.

Waya ukiwa safi, piga jeki. Sumaku iliyochakaa vizuri ina uso bapa. Ikiwa imelika upande mmoja kama kisigino cha kiatu cha mtu anayekanyaga vibaya, mkono wake umelegea na hainasi sawasawa. Ikiwa imelowa grisi, sili ya habu, ile inayozuia grisi ya gurudumu isivuje, imekufa. Shuu zilizonywa grisi usizioshe kwa petroli ukazirudisha, zitupe. Kisha marekebisho: nyuma ya sahani ya breki kuna tundu, ndani yake gurudumu dogo la meno. Lizungushe kwa bisibisi hadi tairi ligome kuzunguka kwa mkono, halafu rudisha nyuma mpaka lizunguke kwa kukwaruza kidogo tu. Shuu mpya zinahitaji kazi hiyo baada ya kama kilomita 300 za kwanza, na baadaye kila kilomita 5,000 hivi. Breki nyingi za trela hazijirekebishi zenyewe. Shuu ikiwa mbali na dramu, mkono wa sumaku unaishiwa nafasi kabla breki haijabana, na hapo hata ukileta umeme wa kiwanda kizima hautasaidia.

Angalia pia kibandiko cha ekseli. Dramu za inchi 10 kwa kawaida huja na ekseli za kubeba kama kilo 1,600. Mbili zinakupa kilo 3,200, nawe unazungumzia tani 4 na nusu. Ikiwa ndivyo ulivyo, jibu langu linaishia hapa: trela hiyo si ya mzigo huo. Ekseli za inchi 12 ndizo zinazofika kilo 2,400 hadi 3,200 kila moja.

Sasa kontrola yenyewe. Yako ya muda inapata ishara moja tu, kwamba umekanyaga pedali. Ukigusa kidogo au ukikanyaga kwa hofu, inapandisha umeme kwa kasi ileile hadi kiwango kilekile ulichopanga. Kwa trela nyepesi watu wanaishi nayo. Kwa uzito wako chukua inayohisi jinsi gari linavyopunguza mwendo na kutoa umeme kwa kadiri hiyo. Kama pikapu yako ni ya toleo linaloweza kuwa na kontrola ya kiwandani, hiyo ni bora zaidi, kwani husoma presha ya breki za gari lenyewe. Inayohisi mwendo ifungwe kwa skrubu, imenyooka kuelekea mbele kama maelekezo yake yanavyosema. Nimezikuta zimebandikwa kwa tepu zikining'inia karibu na goti la dereva. Kifaa kinachoyumba kitapima kuyumba kwake. Mkono wake nao uwe mahali unapoufikia bila kutafuta. Trela ikianza kuchezacheza nyuma, toa mguu kwenye mafuta na uubane mkono huo peke yake, bila kukanyaga breki za gari. Na kama siku moja utanunua trela ambayo umeme wake unaendesha pampu ya breki za maji, uliza kwanza, kwa sababu si kila kontrola inaelewana na pampu hizo.

Matairi kuganda trela ikiwa tupu hakuna uchawi ndani yake: umeacha nguvu uliyoipanga kwa ajili ya mzigo. Ipange upya kila uzito unapobadilika. Breki zikishapata joto kidogo, tembea kilomita 40 kwa saa kwenye barabara kavu iliyolala, usiguse pedali, vuta mkono wa kontrola hadi mwisho. Ongeza nguvu ya kontrola mpaka matairi yakaribie kuganda, kisha ishushe kidogo. Ni kazi ya dakika chache ambayo madereva wengi hawajaifanya hata mara moja.

Nirudi kwa yule wa taa za breki. Ukiunga hivyo, kila unapogusa pedali sumaku zinapata volti zote kwa mpigo, uwe unapunguza mwendo foleni au unashuka mlima wakati wa mvua. Trela tupu itaganda matairi na mkia wake utakuja kukusalimia dirishani. Fyuzi ya taa haikupangiwa ampea 12 za ziada; ikikatika, umepoteza breki za trela na taa za breki kwa pamoja, na anayekufuata hajui kwamba unasimama. Kwenye magari ambayo taa ya breki na indiketa zinatumia waya mmoja, ukiwasha indiketa ya upande ulioungwa, breki za trela zinakamata na kuachia kila taa inapokonyeza. Fundi anayekwambia "mbona zote zinafanya kazi" anakusifia kwamba umeme umefika. Sisi tunauliza umefika kiasi gani, na nani anaupima.

Mafundi haohao ndio wanaokata swichi ya dharura, ile yenye kebo inayochomoka trela ikikatika ili breki zake zikamate, kwa sababu "inasumbua". Inasumbua kwa kuwa betri yake ndogo ya volti 12 ilikufa zamani na hakuna aliyeipima. Kebo yake ifungwe kwenye fremu ya gari, isifungwe kwenye minyororo ya usalama wala kwenye kiungio chenyewe, maana kiungio kikitoka kitaondoka nayo na swichi haitavutwa. Ipime kabla ya safari ndefu: chomoa swichi, sogeza gari taratibu, magurudumu ya trela yagome. Ila chomoa kwanza plagi ya trela kwenye gari. Umeme wa betri hiyo ukirudi nyuma kupitia waya wa breki unaweza kuiunguza kontrola, na utakuwa unanunua nyingine kwa sababu ya kweli safari hii.