Maswali ya Wasomaji: Finale Imefika Mwisho, Nyimbo Zetu Je?

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu programu za kuandikia noti zilizozeeka, hasa Finale, ambayo walimu wengi wa kwaya wameitumia kwa miaka. Majina ya menyu tumeyaacha yalivyo kwenye kioo ili usihangaike kuyatafuta.

Naandika nyimbo za kwaya kwa Finale 2012 kwenye Windows 7. Nina nyimbo zaidi ya mia mbili. Nasubiri toleo jipya litakalokubali kompyuta za sasa ndipo ninunue mashine nyingine. Litatoka lini? — Mwalimu wa kwaya, Mbeya

Mwalimu, halitoki. Tarehe 26 Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kuisitisha Finale, programu iliyoanza kuuzwa mwaka 1988. Toleo la 27, lililotoka Juni 2021, ndilo la mwisho, na mauzo yalifungwa papo hapo. Maelezo yao yalikuwa kwamba programu imerundika mamilioni ya mistari ya msimbo huku Windows na Mac zikibadilika kila mara, na kuifufua kumekuwa kugumu kupita faida yake.

Finale yako haitazimika kwa sababu hiyo. Itafunguka maadamu kompyuta yako ni nzima. Lakini Windows 7 yenyewe iliacha kuhudumiwa na Microsoft Januari 2020, na siku diski yake itakapokufa utabaki na faili za .mus (muundo wa Finale) mia mbili bila cha kuzifungulia. Kwa hiyo usinunue mashine kwanza. Toa nyimbo ndani ya Finale sasa hivi, ingali inafunguka.

Anza kwa kunakili folda nzima sehemu mbili tofauti, mfano diski ya nje na akaunti ya mtandaoni. Flashi peke yake haitoshi. Hupotea, hupata virusi, huazimwa. Kisha kwa kila wimbo tengeneza faili mbili. Moja ni PDF, ambayo ni ushahidi wa jinsi ukurasa ulivyokuwa. Windows 7 haina kichapishi cha PDF cha ndani, hivyo weka programu ndogo ya bure kama PDFCreator, nayo itaonekana kwenye orodha ya printa. Ya pili ni MusicXML, na hii ndiyo yenye uhai, kwa sababu inabeba noti, muda wake, funguo na maneno kwa namna ambayo programu nyingine za noti kama MuseScore, Dorico na Sibelius zote huisoma. Muundo huu ulianzishwa na Michael Good, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2004, na sasa unasimamiwa na jumuiya iliyo chini ya W3C, shirika la viwango vya mtandao. Haufungwi na uhai wa kampuni moja.

Amri ya kuhamisha iko ndani ya menyu ya File, chini ya Export au MusicXML kutegemea toleo. Kwenye matoleo ya zamani zaidi iko ndani ya Plug-ins. Ukipewa kuchagua, chukua .mxl. Ni MusicXML ileile iliyobanwa, nyepesi kutuma. Anayetumia Finale 27 ana nafuu kubwa: amri ya Translate Folder to MusicXML inahamisha folda nzima kwa mkupuo.

Usikimbilie mia mbili zote. Chagua tano zisizofanana: mmoja wa sauti nne kwenye mistari miwili, mmoja wenye kinanda, mmoja wenye beti nyingi, mmoja wenye marudio ya D.C. al Fine, na ule ambao unajua kabisa uliuandika kwa ujanja ujanja. Zifungue kwenye MuseScore na uzilinganishe na PDF. Makosa utakayoyaona hapo ndiyo yatakayojirudia kwenye nyingine zote, na mengi ni rahisi kuyarekebisha ndani ya Finale kabla ya kuhamisha kuliko baadaye.

Haya ndiyo tunayokutana nayo mara kwa mara. Mstari uliopinda wa kuunganisha noti mbili za sauti ileile, kama ulichorwa kwa Smart Shape, chombo cha Finale cha kuchorea mistari, badala ya kuwekwa kama tai halisi, utafika ukiwa pambo tu na noti ya pili itapigwa upya. Kwenye MuseScore ufute, bofya noti ya kwanza, bonyeza T. Maneno kama D.C. al Fine yaliyoandikwa kama maandishi ya kawaida yataonekana, lakini programu haitarudi mwanzo. Weka upya kutoka kwenye paleti ya marudio. Soprano na alto zilizoandikwa katika Layer 1 na Layer 2, yaani matabaka tofauti ya mstari mmoja, hufika zikiwa zimetengana vizuri. Zilizobandikwa pamoja kama akodi katika Layer 1 hufika zikiwa akodi, na hapo huwezi kumsikilizisha alto sauti yake pekee mpaka uzitenganishe: ongeza mstari mtupu chini yake, chagua kipande, kisha Tools, Explode.

Mpangilio wa ukurasa, yaani nafasi kati ya mistari na mahali ulipokata, hautafika kama ulivyouacha. Usiupiganie. Ndani ya MuseScore nenda Preferences, Import, uondoe alama kwenye Import layout, uiache ijipange yenyewe. Mara nyingi inapanga vizuri kuliko sisi.

Nimehamisha wimbo kwenda MuseScore 4. Noti ziko salama ila maneno yamevurugika. Kiitikio kimekaa juu ya ubeti wa kwanza, na mistari mingine inaelea bila kushikamana na noti. — Mpiga kinanda, Bukoba

Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Finale ina makabati matatu ya maneno: Verse, Chorus na Section. Wengi hatuyatofautishi tunapoandika, ubeti wa pili unaingia Chorus 1 na mambo yanaendelea kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayejua. Programu nyingine inapoyasoma inalazimika kuyapanga kuwa mstari wa 1, 2, 3, na mpangilio wake si lazima uwe wako. Rudi Finale, fungua dirisha la Lyrics, kata maneno uyahamishie Verse yenye namba sahihi. Kisha tumia Click Assignment: shikilia Ctrl (kwenye Mac ni Option) ubofye noti ya kwanza, na silabi zote zilizobaki zitajipanga kwenye noti zinazofuata kwa mkupuo. Kama Finale huna tena, bofya silabi ndani ya MuseScore ubadilishe namba ya Verse kwenye Properties. Kazi ni ileile, ila inachosha.

Maneno yanayoelea yaliandikwa kwa chombo cha maandishi, si cha maneno ya wimbo. Yalipangwa kwa macho chini ya noti, hayakufungwa popote. Hakuna programu itakayokisia neno gani ni la noti gani. Yaandike upya: bofya noti ya kwanza, Ctrl+L, andika silabi, kistari kinakupeleka silabi inayofuata ya neno lilelile, nafasi inakupeleka neno jipya, na mstari wa chini unarefusha silabi iliyobebwa na noti kadhaa. Ukitaka maneno mawili yakae chini ya noti moja, nafasi iliyo katikati iandike kwa Ctrl+Space. Kama maneno unayo yakiwa yamekatwa silabi kwenye faili nyingine, yanakili, kisha Ctrl+L na Ctrl+V mfululizo. Kila Ctrl+V inashusha silabi moja.

Ukiwa hapo, kagua ukataji wako. Ni Mu-ngu, mbi-ngu-ni, m-to-to. Tumeona nakala nyingi zenye Mun-gu, na waimbaji wanafunga mdomo kwenye n kabla noti haijaisha, halafu mwalimu anawalaumu wao.

Kwaya yetu inasoma solfa. Kwenye Finale niliiandika kama mstari wa maneno chini ya noti. Nikihamisha, vistari vya kushikilia sauti vinatoweka na vingine vinageuka vistari vya kuunganisha silabi. — Msomaji, Kisumu

Programu haijui kwamba hiyo ni solfa. Kwake d, r, m ni silabi, na kistari cha kawaida ni alama ya neno linaloendelea. Kabla ya kuhamisha, badilisha kila kistari cha kushikilia kiwe kistari kirefu: kwenye Windows shikilia Alt, andika 0150 kwa tarakimu za upande wa kulia wa kibodi. Hicho kinachukuliwa kama herufi na kitafika. Ukiandikia ndani ya MuseScore moja kwa moja, Alt pamoja na kistari hukuandikia kistari chenyewe bila kukuhamisha. Nukta mbili za kutenganisha mapigo na alama za oktavu za juu na chini hazina shida, ila hakikisha si nafasi inayozitenganisha na herufi yake, maana nafasi ni amri ya kuhamia noti inayofuata.

MuseScore ina mtindo wa vichwa vya noti unaoandika do, re, mi ndani ya noti, upo kwenye Properties. Unafaa kufundishia wanaoanza kusoma mistari mitano. Si solfa ya Curwen, ile ya herufi na nukta mliyoizoea kwenye vitabu vya nyimbo, usije ukawachapia wazee wakakuuliza nukta zimekwenda wapi.

Kwa nyimbo za solfa tupu, bila mistari mitano, ushauri wetu ni kuziacha kwenye programu ya kuandikia barua, ndani ya jedwali, safu moja kwa kila sauti. Programu za noti hazikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Rafiki amenitumia faili ya .musx, Finale yangu inakataa. — Dodoma

Muundo wa .musx ulianza na Finale 2014. Matoleo ya nyuma hayauoni kabisa. Kubadilisha jina la mwisho kuwa .mus hakusaidii. Mwombe akutumie .mxl, na kwa WhatsApp aitume kama Document. Na ukikuta faili zako zenye .bak (au .bakx kwa matoleo mapya), usizifute: ni nakala za akiba za Finale. Hizo ndizo ukibadilisha mwisho wake kuwa .mus (au .musx kwa matoleo mapya) hufunguka, na zimeokoa wengi pale faili halisi ilipoharibika.

Nilisasisha Mac yangu na Finale 2014 ikagoma. Nirudishe mfumo wa zamani? — Mombasa

Kuanzia macOS Catalina, 10.15, ya mwaka 2019, Apple iliondoa uwezo wa kuendesha programu za biti 32, yaani za muundo wa zamani, na Finale 2014 ni ya kundi hilo. Finale ilihamia biti 64 toleo la 25, mwaka 2016. Kurudisha mfumo mzima kwa kazi ya siku mbili hakulipi kama unaweza kumpata mwenzako mwenye Finale 25 au zaidi: zinafungua faili zako zote, akuhamishie kwenda MusicXML, basi.

Nina PDF tu, faili zimepotea. — Mwanafunzi wa muziki, Nairobi

Jaribu Audiveris, programu ya bure inayosoma picha za noti na kutoa MusicXML. Karatasi iskani kwa nukta 300 kwa inchi, iliyonyooka, bila kivuli cha simu. Maneno inayasoma kupitia Tesseract, programu ya kutambua maandishi kwenye picha, ambayo ina Kiswahili kwa msimbo swa. Usipouongeza itasoma kana kwamba ni lugha nyingine. Kwa nakala iliyochapwa vizuri utapata msingi mzuri, lakini hesabu mapigo ya kila baa, kwani nukta za kurefusha noti ndizo zinazorukwa zaidi. Kwa maandishi ya mkono usipoteze muda. Wimbo wa kurasa mbili utauandika upya haraka kuliko utakavyousahihisha.

Sasa ninunue ipi? MuseScore ni ya bure, naogopa kwamba ni duni. Nimesikia Finale walipendekeza Dorico. — Dar es Salaam

Ni kweli, tangazo la 2024 liliambatana na punguzo la Dorico Pro kwa wenye Finale, dola 149. Ni programu nzuri sana. Walioiandika ni timu iliyokuwa ya Sibelius, iliyochukuliwa na Steinberg, kampuni yenye Dorico, baada ya Avid, wenye Sibelius, kufunga ofisi yao ya London mwaka 2012. Kama kazi yako ni okestra, vitabu vya kuchapwa, au sehemu nyingi za ala, itakulipa. Ina pia Dorico SE ya bure, inayotosha sauti nne na kinanda. Jiandae kujifunza upya, maana haifikiri kama Finale.

Kwa nyimbo za kwaya, MuseScore 4 si duni, na tunaipendekeza bila kusita. Kama kompyuta ni ya zamani au ni ya Windows 7, weka 3.6.2. Kumbuka tu kwamba toleo la 4 linafungua faili za 3, lakini la 3 halifungui za 4, hivyo kwaya nzima ikubaliane toleo moja kabla ya kuanza kutumiana. Sauti kubwa za Muse Sounds ni hiari. Ni vifurushi vizito vya kupakua, na kwa mazoezi ya sauti nne kinanda cha kawaida kinasikika wazi zaidi.